Gari Tunachangia, na Bima Tuichangie

Idi ikikaribia, wengi wetu hapa Maskati, mafundi wa saiti na akina dada wa kazi za ndani, tunachanga hela tukodi gari twende Nizwa au Sur. Mmoja anatoa bataka na leseni, anasaini, wengine tunaingia. Karani akiuliza kama tunaongeza bima, tunamjibu mbio: hapana, gharama hiyo ya nini? Sisi tunaona jibu hilo linatoka haraka mno.

Jamani, tuelewane. Kwa sheria ya Oman, gari lazima iwe na bima ndogo, ile inayomlipa mtu mwingine uliyemgonga. Gari yenyewe uliyokodi ikiumia ni habari nyingine. Mara nyingi mkataba unataja kiasi ambacho aliyesaini atakibeba mwenyewe. Bima ya kuongeza kazi yake ni kupunguza kiasi hicho au kukiondoa kabisa.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kiasi hicho ni riali 200, na bima ya kuongeza ni riali 3 kwa siku. Siku 3 ni riali 9. Mkiwa wanne, kila mtu anatoa riali 2 na baisa 250. Msipolipa, na gari ikabondeka, riali 200 zinadaiwa kwa mmoja tu, mwenye jina kwenye karatasi. Wenzake watampa pole, lakini pole hailipi ada ya mtoto nyumbani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nikidaiwa kiasi hicho kesho, nitalipa bila kugusa hela ya kutuma nyumbani? Mwenye akiba ya kutosha anaweza kuikataa bima, na hajakosea. Asiye nayo ainunue, na wote wanaopanda wachangie kama wanavyochangia petroli. Hamtaki bima? Basi kubalianeni kabla ya kuchukua funguo hasara mtagawana vipi, na muandike, hata kwa WhatsApp.

Ila bima si hirizi. Mara nyingi tairi, vioo na chini ya gari havimo, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Akiendesha mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba, bima inaweza kukataa kulipa. Vivyo hivyo ukivuka wadi iliyojaa maji, au ukibeba abiria wa kulipa. Piga video gari pande zote kabla hujaondoka nayo. Na ukigongana na mtu, usimalizane naye barabarani kwa maneno. Bila karatasi ya ajali, utadai kwa kipi?

Na kama wenzako hawataki kuchangia bima wala kuandika, usiitoe bataka yako. Basi la Mwasalat linafika Nizwa na Sur pia, na ukishuka hudaiwi na mtu.