Taka za Jiji huhama, haziondoki

Katika miaka ya themanini wananchi wa Tabata, Dar es Salaam, walikuwa wakilala na moshi na kuamka nao. Jalala la Jiji lilikuwa mlangoni mwao. Taka zilifuka moto, nzi wakazagaa, na uvundo ukawafuata hata mezani. Walipochoka kulalamika walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda. Halmashauri ya Jiji iliamriwa iache kumwaga taka pale na itafute mahali pasipodhuru watu.

Kilichofuata ni cha kusikitisha. Chombo kilichokabidhiwa dhamana ya afya ya wakazi kilirudi mahakamani mara kwa mara kuomba kiongezewe muda wa kuendelea kuwachafulia hewa. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa katakata. Alieleza kuwa kuwaweka watu katika hatari ya namna hiyo ni kuvunja haki yao ya kuishi, iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Hukumu hiyo ilistahili kubandikwa katika kila ofisi ya kata.

Magari ya taka yakageuza njia, yakaelekea Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi 795 walifungua shauri, nao wakashinda. Ndipo taka zikapelekwa Vingunguti, kando ya bonde la Mto Msimbazi, kisha Mtoni, na tangu mwaka 2007 Pugu Kinyamwezi. Kila hatua ya safari hiyo ilitangazwa kuwa ni usafi wa Jiji. Kwa kweli uchafu ulikuwa ukibadilishiwa majirani tu, na aghalabu ulitulia pale ambapo watu hawakuwa na uwezo wa kumlipa wakili.

Wala aliyeepushwa na moshi hakuepushwa na maji. Msimbazi unachimbuka katika vilima vya Pugu, unapita katikati ya makazi na viwanda, unapokea maji machafu ya kila namna, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Bondeni humo hulimwa mchicha na matembele yanayouzwa masokoni. Mwaka 1999 wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi na Sinza: walikuta madini ya risasi na kadimiamu. Mkulima hana la kulaumiwa. Maji hayo ndiyo aliyopewa. Mlaji wa Oysterbay na yule wa Vingunguti huenda wakachangia fungu moja.

Sheria hazikosekani. Baraza la Taifa la Mazingira liliundwa mwaka 1983, na Sheria ya mwaka 2004 imempa kila mkazi haki ya mazingira safi na kukataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kinachokosekana ni kuzishughulikia taka kabla hazijapanda gari. Sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam ni maganda na mabaki ya vyakula, nayo yakitenganishwa majumbani na masokoni huwa mboji. Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande. Halmashauri nyingine za mkoa ziwaeleze wananchi wao zitajenga lini, na kwa fungu lipi la bajeti, kabla hazijaanza kutafuta kijiji kingine cha kupelekea jalala.