Hatugongi mihuri tu

Ndugu mwandishi, makala ni nzuri, ila hapo uliposema wasaidizi wa kitengo cha sheria halmashauri kazi yao ni kugonga mihuri, umetuonea. Mimi nilisoma stashahada ya sheria pale Lushoto na sasa nipo kwenye kitengo hicho. Mahakamani sisimami, hilo ni la wakili wa serikali, lakini faili analoingia nalo nimelipanga mimi: mkataba, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji wa kijiji iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, haina hata tarehe, na bila tarehe hiyo tunaweza kushindwa kesi ya kiwanja. Nusu ya kazi ni kumsaka huyo mtendaji kwenye simu (ukiulizia muhtasari unaambiwa uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko shamba).

Na wewe mchangiaji hapo juu unayewaambia watu watoe notisi ya siku 30 kisha waende mahakama ya wilaya, hayo yalikuwa ya zamani. Tangu marekebisho ya 2020, ukitaka kuishtaki halmashauri unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye unamuunganisha kwenye kesi, na shauri unalifungua Mahakama Kuu. Notisi mbovu nazipokea sana. Wanaozileta wametoka mbali, wamelipa mtu wa kuchapa, halafu kesi inatupwa kwa pingamizi la awali kabla kiwanja chenyewe hakijatajwa.