Whitby: Mji Uliolizwa na Bahari

Whitby ni mji mdogo wa bandari kaskazini mashariki mwa Uingereza, uliojengwa kando ya mto Esk. Hapo ndipo James Cook alipofunzwa ubaharia, na meli yake Endeavour iliundwa hapo hapo mwaka wa 1764.

Lakini bahari iliyowalisha wenyeji ndiyo iliyowaliza. Mnamo Februari 9, 1861, dhoruba kali ilivuma. Mashua ya uokoaji ilitoka mara kadhaa ikaokoa mabaharia, kisha ikapinduka. Kati ya waokoaji 13, aliyenusurika ni Henry Freeman peke yake. Ndiye tu aliyekuwa amevaa jaketi la kujiokolea la aina mpya.

Msomaji mpendwa, ukipewa jaketi ndani ya mashua, livae. Usiseme, 'Mimi najua kuogelea.' Wale 12 walikuwa mabaharia.