Dawa ya Panya ni Sumu ya Paka

Mimi nifundishaye isimu naona jinsi neno liwezavyo kuficha hatari. "Dawa", neno lenye asili ya Kiarabu, kwanza ni kitu kiponyacho. Lakini "dawa ya panya" haimponyi yeyote. Ni sumu, na yafaa tuiite hivyo, hasa shuleni, ambako ghala za mahindi huwavuta panya.

Sumu zilizoenea, kama vile brodifakumu, huzuia damu kuganda kwa kuvuruga kazi ya vitamini K mwilini. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, akizidi kulegea. Siku hizo ndizo za hatari. Paka humkamata kwa urahisi na kumla pamoja na sumu iliyomo katika ini lake. Bundi naye, ambaye wengi wetu humfukuza kwa kumdhania ndege wa mkosi, huweza kufa vivyo hivyo. Basi twawaua walinzi wa ghala zetu wenyewe, ilhali wahenga walikwisha kutuonya: paka akiondoka, panya hutawala.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, tuanze kwa kuziba matundu, kuinua magunia juu ya vichanja na kutega mitego. Sumu ikilazimu, mizoga itafutwe kila asubuhi na kuzikwa, wala isiguswe kwa mikono mitupu. Paka akilegea au kutokwa na damu, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia. Vitamini K1 huweza kumwokoa. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa dawa.