MKOPO WA MOTOKAA USIISHE SIKU YA KUNUNUA



Wengi wetu hapa Molo tunakopa katika chama cha akiba ili tununue motokaa ya nyumbani. Sipingi jambo hilo. Mwenye watoto wadogo na mama mgonjwa hawezi kungoja matatu usiku wa manane. Ninalopinga ni desturi ya kukopa bei ya gari tu, na kumpa mwenye kuuza fedha zote siku hiyo hiyo, bila kubaki hata na shilingi ya mpira wa rejeta.

Tuseme kweli: gari tunaloweza kulipia ni lipi? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Basi Toyota au Nissan hushuka Mombasa ikiwa imekwisha kutumika, huendeshwa na mtu wa Nairobi, kisha na mwingine, na ikifika kwetu ina miaka 15 au 20. Wazee wetu walisifu Peugeot 404, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Hata hiyo, isipotunzwa, ilichemka.

Ugonjwa mkubwa wa gari kuukuu huku kwetu ni joto. Watu hucheka wakisikia hivyo, kwani Molo ni baridi. Lakini tuko karibu mita 2,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya sufuria huchemka yapata nyuzi 92, si 100 kama Mombasa. Mama zetu wanajua, maana maharagwe huchelewa kuiva. Katika injini kinachozuia maji yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta. Springi yake ikiwa nzima, huyabana maji hata yapite nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ikilegea, rejeta ni sufuria tu. Gari limetoka Nakuru limejaa watu na mizigo, likifika Sachangwan linatoa mvuke. Katika mengi ya magari hayo kichwa cha injini ni alumini na chini ni chuma. Alumini hutanuka zaidi, kichwa hupinda, gasketi huungua. Mshahara umekwenda kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani!

Hapo fundi wa kando ya barabara atasema, "Tutoe thamosta." Nawaheshimu mafundi wa jua kali, lakini neno hili tulikatae. Thamosta ikitolewa, maji huzunguka bila kungoja, injini haipati joto lake katika baridi ya Molo, hunywa petroli nyingi, na oili huchafuka upesi. Tena, katika injini nyingine maji ya moto hupata njia ya kurudi bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemka kuliko kwanza. Wengine hutia yai ili kuziba tundu. Yai huziba na mahali pasipotakiwa. Na maji matupu ya bomba huleta kutu; tutie kulanti.

Hayo ni ya kupanda. Kwa kushuka kuna breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, unyevu huo hugeuka mvuke breki zikishika moto, na pedali huenda mpaka chini bila kushika kitu. Mteremko wa Sachangwan mpaka Salgaa umeua watu wengi, sina haja ya kuwahesabia. Sisi wa reli hatuondoi treni stesheni kabla ya kupima breki. Mbona jioni tunapakia watoto katika gari ambalo breki zake hatujazitazama tangu tulinunue?

Kwa hiyo naomba kamati ya mikopo ibakize sehemu moja katika tano ya kila mkopo wa motokaa, itolewe kwa risiti ya kifuniko, mipira ya maji, mkanda wa feni, thamosta, mafuta na viatu vya breki. Watakaosema fedha zilizobaki hazitatosha kununua gari, basi watafute la bei ndogo zaidi, au wangoje miezi michache. Naomba pia neno hili liingizwe katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi, ili wanachama walipigie kura.