Mnaomchukia Shangazi Lydia, Njooni Tuongee

Jamani, klabu yetu ya vitabu nusura ivunjike Jumamosi iliyopita, na chanzo ni mwanamke ambaye hata hayupo duniani.

Tulikuwa tunasoma The Testaments ya Margaret Atwood, mwendelezo wa The Handmaid's Tale. Cha kwanza kilitoka 1985, mwendelezo ukaja 2019 na kushinda tuzo ya Booker, ikagawanywa na kitabu cha Bernardine Evaristo. Wengi wetu hadithi tuliijulia kwenye tamthilia, kwa hiyo Shangazi Lydia tulishamhukumu kitambo: katili, basi.

Sasa humu anajieleza mwenyewe. Kumbe kabla ya Gilead, nchi inayowakataza wanawake hata kusoma, alikuwa jaji! Akakamatwa, akawekwa uwanja wa michezo na wanawake wenzake, akafungiwa peke yake, akapigwa. Mwisho akaambiwa achague: kuwatumikia au kufa. Akachagua kuishi. Ndiye huyo anayekuja kuwakandamiza wenzake, huku kwa siri anaandika maovu ya wakubwa.

Dada mmoja, jina nalihifadhi, akasema mwandishi anamsafisha muuaji. Tukapiga makofi. Mwingine, mpole kabisa, akajibu taratibu: "Mimi ningefanya kama Lydia. Bosi wetu alipomfukuza mwenzangu kwa kumwonea, barua niliichapa mimi."

Kimya. Halafu wakaanza kumshambulia, mpaka akabeba mkoba wake akaondoka.

Mi nasema tulikosea. Yule ndiye pekee aliyekisoma kitabu kweli. Kumwelewa mtu sio kumsamehe. Waliokufa kwa mikono ya Lydia wamekufa, na hata yeye hajifichi kwa hilo. Ila kama tunasoma ili tujione sisi ndio wema, si tubaki na tamthilia tu? Atwood mwenyewe amesema kwenye kitabu cha kwanza hakuweka jambo ambalo binadamu hawajawahi kulifanya mahali fulani. Na waliofanya hawakuwa mashetani wenye pembe. Walikuwa watu wenye kodi ya nyumba na watoto wa kulea.

Mimi pia nilikaa kimya anashambuliwa. Nimemtumia ujumbe wa kuomba radhi, kausoma, hajajibu. Kikao kijacho asipokuja, na mimi siendi.

Haya, wewe unayesoma hapa, tuambiane ukweli: ile barua ungeichapa, au ungeacha kazi?