Kuvuta Picha kwa Seva ya Jirani

Jamani, tuambiane ukweli. Ukiandika tagi ya img kwenye ukurasa wako, halafu kwenye src ukaweka anwani ya picha iliyo kwenye tovuti ya mtu mwingine, hujaazima picha. Umevuta waya kutoka kwa mita ya jirani. Taa inawaka kwako, tokeni zinaisha kwake.

Hesabu ni rahisi. Picha ya kilobaiti 200 ikifunguliwa mara 10,000 ni kama gigabaiti 2. Zote zinatoka kwa seva ya mwenye picha, na yeye ndiye anayelipia. Kampuni kubwa haitahisi kitu. Lakini mpiga picha mdogo mwenye kifurushi cha gigabaiti chache kwa mwezi anaweza kukuta tovuti yake imefungwa, na kati ya hao wageni wote hakuna hata mmoja aliyemjua.

Wako wanaojitetea kwamba wavuti ni viungo, kwa hivyo kila mtu ana haki ya kuunganisha. Sikubali. Kiungo cha kawaida humpelekea mwenyewe msomaji. Huu mtindo wa hotilinki humpelekea gharama tupu.

Tena ni hatari kwako mwenyewe. Cha kuazima hakisitiri matako. Mwaka wa 2007 ukurasa wa MySpace wa seneta John McCain wa Marekani ulikuwa ukitumia muundo wa Mike Davidson, na picha zikivutwa moja kwa moja kutoka kwa seva yake. Davidson alikuwa ameutoa muundo bure, ila aliomba watu watumie seva zao kwa picha. Alichofanya ni kubadilisha faili moja tu, na ukurasa wa McCain ukatangaza kwamba seneta sasa anaunga mkono ndoa za jinsia moja. Hakuna aliyevunja nywila yoyote. Faili lilikuwa lake.

Basi adabu ni ipi? Wengi husema, "nakili picha uiweke kwa seva yako." Hiyo inaondoa gharama, lakini haileti ruhusa. Hapa Kenya picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hata kama mwenyewe hakuandika onyo lolote. Kwa hivyo kwanza omba, au tafuta picha yenye leseni inayokuruhusu, kwa mfano za Creative Commons. Pili, inakili kwako. Tatu, mtaje mwenye picha na uweke kiungo cha kwake. Mwenye tovuti akikupa msimbo wa kupachika, kama YouTube inavyofanya na video, hapo tumia bila wasiwasi, maana amekukaribisha.

Na wewe unayeibiwa, usikimbilie kuweka picha chafu badala ya ile yako. Atakayeiona si mwizi peke yake, ni msomaji asiye na hatia, labda mtoto. Kwa kawaida kivinjari huiambia seva ni tovuti gani imeita picha, kwa hivyo seva inaweza kupangwa ikatae wageni wasioalikwa. Lakini anza na barua pepe ya kistaarabu. Wengi wanaovuta picha hawajui kwamba kuna mtu anayelipa.

Sasa wewe umejua. Fungua msimbo wa kurasa zako leo, uangalie src moja baada ya nyingine.